Mawakala wa mikopo tumejaa mtaani, mshauri wa mikopo yuko wapi?

 

Leo sitaongelea picha nzuri za bidhaa wala namna ya kujibu mteja inboksi. Naongelea kazi ambayo naona inahitajika sana huku kwetu Mwanza na hakuna anayeifanya. Kazi ya ushauri wa mikopo. Simaanishi kukopesha watu, na simaanishi kutafutia wakopeshaji wateja. Naongelea mtu anayekaa na mwenye deni, anafungua daftari, anapiga naye hesabu, anamwambia ukweli, halafu anamsindikiza mpaka deni linaisha.

Maoni yangu nayatoa mapema ili usome ukijua nasimamia wapi. Wewe muuzaji mdogo wa mtandaoni unaweza kuianza kazi hii ukiwa na duka lako hilo hilo, hata kama umeishia form four kama mimi. Sharti ni moja tu ambalo halina mjadala: usile hela ya mkopeshaji hata shilingi mia. Nalisema hili kwa sababu mimi niliila. Ngoja nikusimulie.

Elfu kumi yangu

Nauza viatu vya mtumba vya kike na mabegi. Mzigo nauchagua Mlango Mmoja alfajiri, napiga picha, naweka statasi, oda zikija nafunga na kumpa bodaboda. Miaka michache nyuma kuna ofisi moja ya mikopo ya haraka, jina lake nitaliacha, ilinifuata. Wakaniambia, "Dada wewe una watu wengi kwenye simu. Kila mteja utakayemleta akachukua mkopo, elfu kumi yako." Nikaona hela ya bure hiyo. Nikaweka tangazo statasi: mkopo ndani ya dakika 30, dhamana vitu vya ndani. Nikapeleka watu wanne.

Mmoja alikuwa mama jirani yangu, muuza dagaa wa mwaloni Kirumba. Kanizidi umri mbali, mimi namwamkia shikamoo, yeye ananiita mwanangu. Alikuja kuniuliza, "Mwanangu, hawa watu ni wazuri?" Nikamjibu, "Wazuri mama, mimi mwenyewe nafanya nao kazi." Nilisema hivyo sijawahi hata kusoma mkataba wao.

Alikopa 300,000. Wakakata 30,000 ya fomu, mkononi akashika 270,000. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Zidisha mwenyewe: 390,000. Yaani kwa hela aliyoshika kweli, 270,000, analipa 120,000 juu yake ndani ya mwezi mmoja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 44. Sasa linganisha: Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Kwa 300,000 hiyo ni 10,500. Elfu kumi na mia tano, siyo laki moja na ishirini!

Siku 14 za kwanza alilipa vizuri. Siku ya 15 mwezi ukaanza kuwaka.

Kama hutoki huku ziwani nikueleze. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa kila mwezi. Mwaloni dagaa wanakuwa wachache na bei inapanda, mchuuzi mdogo hana cha kununua. Hiyo ni kalenda ya kila mwezi, siyo ajali. Lakini rejesho la kila siku halijui giza wala mbalamwezi.

Mama akaenda kukopa kwa mtu mwingine ili amlipe wa kwanza. Halafu akapakua programu ya mkopo kwenye simu ili amlipe wa pili. Akakopa na kwenye kikoba chake. Mwishoni wale niliompeleka mimi wakaja na gari, wakabeba friji. Friji yenyewe ndiyo aliyokuwa anauzia barafu na maji ya baridi siku za mbalamwezi. Yaani walichukua kile kile ambacho kingemuingizia hela wakati dagaa hakuna.

Elfu kumi yangu nilishaila siku nyingi. Nilikuwa barazani kwangu nafunga oda ya viatu wakati friji inapita.

Usiku wa daftari

Siku hiyo jioni nikaenda kwake. Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi kuliko angenigombeza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Naomba tukae tuandike kila unachodaiwa." Akasema, "Mwanangu, nikiandika nitakufa kwa presha." Nikamwambia tuandike hivyo hivyo.

Tukaandika hivi:
- Ofisi ya kwanza: salio 208,000, na faini ya 5,000 kwa siku 9, jumla 253,000
- Mkopeshaji wa mtaani: 195,000
- Programu ya simu: 84,000
- Kikoba: 120,000

Jumla 652,000. Alikuwa hajawahi kuijua hiyo namba. Alidhani ni zaidi ya milioni. Akashusha pumzi, akasema, "Kumbe!" Hapo nikajifunza jambo la kwanza la kazi hii: deni lililoandikwa linapungua uzito kabla hujalipa hata mia.

Nikapiga hesabu ya haraka haraka. Faida yake kwa siku ni 18,000, matumizi ya nyumbani 8,000, inabaki 10,000. Zidisha siku 30, laki tatu kwa mwezi. Nikasema kwa kujiamini, "Mama, miezi miwili na kitu tu tumemaliza!" Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwanangu, mwezi ukiwaka nanunua dagaa gani?"

Nikafuta. Siku za kazi ni kama 20, siyo 30. 18,000 mara 20 ni 360,000. Lakini kula ni siku 30: 8,000 mara 30 ni 240,000. Inabaki 120,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo hela halisi ya kulipia madeni. Siyo 390,000 waliyokuwa wanaidai wale wa kwanza peke yao.

Jambo la pili nikajifunza hapo hapo. Mwenye biashara ndiye anayejua biashara yake, wewe mshauri unajua kuuliza tu. Ukija na hesabu yako ya kichwani utamuumiza mtu kama alivyomuumiza mkopeshaji.

Kwa nini nasema kazi hii ni ya kwetu sisi

Angalia unachofanya kila siku. Una daftari la wadaiwa, mteja analipa nusu leo na nusu mwisho wa mwezi, unajua nani anachelewa kwa sababu hana na nani anachelewa kwa sababu ni tabia yake. Unajua kudai bila kumvunjia mtu heshima, na unajua hela inayozunguka siyo faida. Watu wanakuandikia usiku saa tano, "Dada, hivi nikope wapi?" Wanakuuliza wewe kwa sababu wanakuamini na hawakuogopi. Afisa wa benki wanamuogopa.

Na sisi wenyewe ndio tunaoliwa. Muuzaji wa mtandaoni hela yake iko kwenye simu, na mkopo uko kwenye simu hiyo hiyo. Hata huduma ya kumalizia muamala salio linapopungua, kama Songesha ya kwenye M-Pesa, huo ni mkopo. Una gharama yake. Ukiitumia kulipia mzigo kila wiki bila kuandika, unakula faida yako huku unajiona mjanja.

Ukitaka kuanza, anza hivi

1. Mteja wako wa kwanza ni wewe. Chukua karatasi, andika kila unachodaiwa: mkopo wa simu, kikoba, mchezo ambao umeshapokea bado unachangia, hela ya shangazi, mzigo uliochukua kwa mali kauli. Ukishindwa kujiandikia ukweli wako, usimguse wa mwenzako. Mimi nilijikuta nadaiwa 340,000 na nilikuwa najiita mtu wa nidhamu.

2. Jua sheria chache, lakini zijue vizuri. Huhitaji kuwa mwanasheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma kwenye madaraja manne. La kwanza ni wale wanaopokea amana, kama benki za huduma ndogo za fedha. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, na humo ndimo walimo wale wa ofisi za mikopo, wakopeshaji binafsi na wa mtandaoni. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mtu akikuletea deni, swali lako la kwanza liwe: huyu mkopeshaji yuko daraja gani, na ana leseni? Benki Kuu hutoa orodha ya wenye leseni, ifungue uangalie jina kwa jina.

Wa kwenye simu ndio uwachunguze zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila kibali. Mwaka huo huo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Na ile tabia ya kuwatumia meseji watu wote waliomo kwenye simu yako, "fulani ni tapeli, mwambieni alipe", inagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mteja wako ajue kwamba kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha.

3. Jifunze kuuliza na kunyamaza. Maswali yangu ni haya: Ulishika shilingi ngapi mkononi? Unatakiwa urudishe ngapi kwa jumla? Umesaini nini, na nakala yako iko wapi? Umeweka dhamana gani? Nani mwingine nyumbani anajua? Siku zipi hela huingia na siku zipi haiingii? Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote huku kwetu. Mkulima wa Sengerema anasubiri mavuno, mchuuzi wa dagaa anasubiri giza, muuza viatu anasubiri mwisho wa mwezi. Mpango wowote wa kulipa ambao haujajua hilo ni karatasi tu.

Swali la "nani nyumbani anajua" litaleta machozi. Nyamaza, mpe maji, subiri. Usianze kuhubiri kwamba angefikiria kabla ya kukopa. Analijua hilo kuliko wewe.

4. Ukurasa mmoja unatosha. Safu tano: anayedai, salio, riba na faini, dhamana, nini kitatokea asipolipwa mwezi huu. Chini yake andika hela halisi inayobaki kwa mwezi baada ya chakula, kodi ya nyumba, ada na mtaji wa kuzungushia. Ndiyo, mtaji unaingia humo. Ukimlipisha mtu deni kwa mtaji wake umemfungia duka. Halafu panga nani alipwe nini, ukianza na deni ambalo likiachwa litabeba kitu kinachoingiza hela. Sisi tulichelewa, friji ilishaondoka.

5. Msindikize. Watu wengi hawajui kwamba mkopeshaji anaweza kukaa mezani. Nenda naye, mkiwa na ukurasa wenu, mseme: hii ndiyo hela iliyopo, tunaomba faini isimame, tulipe kiasi hiki kwa tarehe hizi. Mkikubaliana, andikeni na kila mmoja asaini, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwepo kama shahidi ni bora zaidi. Kila malipo yawe na risiti au meseji. Mkopeshaji mwenye leseni akikataa kueleza gharama zake au kutoa nakala ya mkataba, Benki Kuu ina utaratibu wa kupokea malalamiko, na sisi wa Mwanza tuna tawi lake hapa hapa mjini.

Sisi tulizunguka kote. Ofisi ya kwanza ilikubali kufuta faini ya 45,000 baada ya kuwaonyesha hesabu ya asilimia 3.5, ila friji hawakurudisha, walisema imeshauzwa. Wa mtaani alikubali kulipwa 40,000 kwa mwezi, akanuna lakini akasaini. Kikoba walimwelewa bila shida, wanamjua. Wa programu ya simu hakuna wa kuongea naye, meseji tu za vitisho. Tulilipa tulichokopa kweli, tukatunza ushahidi wote, programu tukaifuta.

6. Jua njia nyingine za kupata mtaji. Mshauri anayejua kusema "usikope" peke yake hasaidii, maana mtu anarudi nyumbani na njaa ile ile. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inataka kikundi na subira, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumuuliza. Kuna SACCOS. Kuna kikoba chako mwenyewe. Mfundishe pia kwamba zipo kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Deni lililosajiliwa huko likilipwa vizuri linamjengea jina, na likiachwa linamfuata.

Mipaka ambayo ukiivuka umekwisha

Hapa nakuwa mkali, samahanini.

Usichukue kamisheni ya mkopeshaji. Wenzetu Marekani wana hii kazi tangu zamani, chama chao kikubwa, National Foundation for Credit Counseling, kilianza 1951. Lakini hata huko wakopeshaji walizoea kuwachangia washauri sehemu ya madeni yaliyolipwa, na wakatokea waliogeuka kuwa wakusanya madeni wenye sura ya upole. Mwaka 2006 mamlaka ya kodi ya huko ilitangaza kuvifutia msamaha wa kodi vyama kadhaa vya ushauri wa mikopo kwa sababu vilikuwa vinajinufaisha badala ya kusaidia watu. Kama nchi kubwa hivyo ilipata shida hiyo, mimi na elfu kumi yangu ni nani? Mtu hawezi kukwambia ukweli kuhusu mkopo ambao unamlipa yeye.

Usishike hela ya mteja hata akikubembeleza, "Dada nikae nayo nitaila, nitunzie wewe." Alipe mwenyewe kwa mkono wake.

Usimkopeshe. Ukianza kukopesha kwa riba, sheria inakutaka leseni, na pia umeshageuka yule yule unayemkimbia. Usimdhamini. Wala usikubali mtu yeyote ashike kadi ya benki ya mteja wako na namba ya siri.

Usiposti habari zake. Najua tunapenda kuweka "ushuhuda wa mteja wangu" na picha. Deni ni kama ugonjwa, mtu akikuvulia nguo mfunike. Yule mama nilimuomba ruhusa kabla ya kuandika haya, na bado kuna vitu nimeviacha.

"Sasa nitakula nini?"

Hili ndilo swali mnaloniuliza nikianza hii hoja. Wengine mnasema moja kwa moja kwamba Mtanzania halipii ushauri. Mna haki kiasi fulani. Mtu anayedaiwa na wanne ukimdai wewe wa tano, umefanya nini?

Mimi nafanya hivi. Kukaa mara ya kwanza ni bure. Akitaka nimwandalie ukurasa na nimsindikize, ni 5,000 na nauli yangu. Sichukui asilimia ya deni, kwa sababu nikichukua asilimia nitapenda madeni makubwa. Hela ya maana naipata kwenye vikundi: kikoba kikiniita siku ya mkutano niwafundishe kusoma mkataba na kupanga marejesho, wanachanga 30,000. Kwa mwezi napata vikundi viwili, ukijitahidi vitatu. Haitoshi kuishi. Viatu ndivyo vinanilisha na sijaacha kuuza. Ila nikuambie kitu ambacho sikukitegemea: waliokaa na mimi kwenye daftari ndio wateja wangu wa viatu wasiosumbua kulipa.

Ukitaka kuifanya iwe kazi kamili, soma. Hapa Mwanza tuna bahati ambayo wengi hatuioni: Chuo cha Benki Kuu ya Tanzania kipo Capri Point. Benki Kuu imekuwa ikifundisha na kuwatambua waelimishaji wa fedha, nenda kaulize utaratibu na sifa. TIA na CBE nao wana kampasi Mwanza, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kinafundisha huduma ndogo za fedha. Wengine wanaanza kwa kuwa maafisa mikopo wa SACCOS, wanajifunza kutoka ndani mtu anavyokopeshwa na anavyokwama. Ni njia nzuri, mradi siku unavaa kofia ya mshauri uwe umevua ya afisa mikopo.

Cheti kitakuja. Mimi sina bado, najichanga. Ndiyo maana najiita msaidizi wa hesabu za madeni tu, na kesi ikiwa na mahakama ndani yake au dhamana ya nyumba na kiwanja namwambia mtu atafute mwanasheria. Kujua mwisho wa uwezo wako ni sehemu ya kazi.

Alipofikia mama

Tulipanga miezi mitano. Ilikwenda saba, kwa sababu mwezi wa tatu mjukuu wake aliumwa na wa tano dagaa walikuwa wachache hata giza likiwepo. Kila mbalamwezi ikianza tulikuwa tunakaa na daftari, maana ndiyo siku alizokuwa na nafasi. Siku ya malipo ya mwisho kwa yule wa mtaani aliniita nikashuhudie. Alipopewa karatasi ya kumaliza aliikunja akaiweka kwenye khanga, akaniambia, "Wabeja, mwanangu." Halafu akaongeza, "Na ile elfu kumi yako uliwahi kuirudisha?"

Nilikuwa sijairudisha. Hakuna wa kumrudishia. Nilichukua 10,000 nikaiweka kwenye kibubu chake cha friji, na mpaka leo kila mwezi naweka kidogo. Bado haijafika bei ya friji. Itafika.

Wale watatu wengine niliowapeleka, mmoja alilipa vizuri bila shida, mmoja alihama Buzuruga sijui alikokwenda, na mmoja nikimpigia simu hapokei. Nao nimewaandika kwenye daftari langu, upande wa ninaodaiwa.

Kwa hiyo mwenzangu, kesho ofisi ya mikopo ikikufuata kwa sababu una watu wengi kwenye simu, kumbuka hao watu ni wako. Waambie hapana. Halafu usiku mtu akikuuliza, "Dada, nikope wapi?", usimtumie namba ya mtu. Muulize, "Unadaiwa na nani sasa hivi? Njoo kesho na daftari."